Mwambie Huyo Mkenya

Nilitoka Kibeta asubuhi ya Ijumaa bila kujua ninakwenda wapi. Kazi ya kubeba matofali ilikuwa imekwisha, na chumba nilichopanga kilikuwa kimefika mwisho wa mwezi wake. Nilipofungua mlango na kuona ukungu umekaa juu ya migomba, nilijua siku hiyo sitabaki. Ndivyo nilivyo, na sina sababu nyingine ya kutoa. Nilitia blanketi, sufuria ndogo na shati la pili kwenye begi, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo. Akaniuliza naelekea wapi. Nikasema Muleba, kwa kuwa ilinibidi kutaja mahali.

Dereva wa lori lililokuwa linarudi tupu alinichukua hadi Muhutwe. Njia nzima hakuniuliza kitu, nami nilimshukuru moyoni kwa hilo. Pale aliingia njia ya vumbi kwenda kupakia mchanga, nikashuka, nikaendelea kwa miguu. Ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa. Karibu kila nyumba ilikuwa imeanika buni kwenye maturubai, na harufu yake ilinifuata barabarani.

Niliacha shule nikiwa darasa la sita, wiki ambayo mafundi walikuja kuchimba kisima karibu na kwetu. Nilikwenda kutazama mabomba yanavyoshuka ardhini. Kesho yake nikaenda tena, na kesho kutwa. Nilipotaka kurudi darasani niligundua kwamba sipendi tena kusimuliwa kitu ambacho naweza kwenda kukiona. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kusimama njiani na kuuliza. Mara nyingi ninafukuzwa. Siku hiyo sikufukuzwa.

Ilikuwa imepita saa saba mchana nilipofika Izigo. Niliacha lami nikafuata njia inayopita katikati ya vibanja, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, na mbele ya nyumba moja ya bati nikamwona mwanamke mtu mzima ameinama, anamimina majivu kutoka kwenye kopo. Alikuwa anachora mstari. Ulianzia kizingiti cha mlango, ukakata uwanja wa nyumba katikati, ukaishia kwenye mche wa kahawa. Ulikuwa umepinda vibaya, kama uliochorwa na mtu anayetembea huku anaongea na watu. Upande mmoja wa mstari mzee alikaa kwenye kiti cha mbao, blanketi magotini, fimbo mkononi. Upande wa pili kulikuwa na kigoda kitupu na beseni la ndizi ambazo hazijamenywa.

Nilibisha hodi nikawasalimu kwa Kihaya. Mzee aliniangalia, hakujibu. Mwanamke alinyoosha mgongo, akanijibu kwa Kiswahili.

"Karibu. Lakini wiki hii hapa ni Kiswahili tu."

Nikamuuliza majivu ni ya nini. Akasema ni mpaka, Uganda ni kwake na Kenya ni kwa yule pale, na kesho saa kumi wanacheza. Nikadhani anasema mpira wa miguu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyezoea kosa hilo. Alisema ni raga.

Nilikuwa nimelisikia neno hilo bila kujua maana yake. Basi aliniletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, anayopewa mgeni, akanifundisha kwa papai bichi aliloliokota jikoni. Mpira una umbo kama hilo. Unabebwa kwa mikono, mbebaji anakimbia mbele, lakini akitaka kumrushia mwenzake lazima amrushie aliye nyuma yake. Nikauliza kwa nini. Akasema yeye alikuwa mpishi, sheria walitunga wengine.

Alikuwa mpishi kweli, wa shule moja ya wavulana Kampala, mji aliozaliwa. Wavulana walicheza raga, naye aliwapikia. Akapenda mchezo kwa sababu aliwajua wachezaji kwa matumbo yao, nani anakula sana na nani hawezi kula kabla ya mechi. Mumewe, Mhaya wa hapo hapo Izigo, alikwenda Nairobi akiwa kijana akapata kazi ya kutunza uwanja. Kazi yake kubwa ilikuwa kupiga mistari ya chokaa. Alikuja Kampala na basi la mashabiki mwaka ambao Kenya ilikuwa inacheza na Uganda, akasimama mbele ya meza ambayo mwanamke huyu aliuzia chakula nje ya uwanja siku za mechi, akamwambia vijana wake wataumia leo. Mwanamke akakataa kumuuzia. Mzee alishinda na njaa hadi mechi ikaisha, kisha akarudi kuomba tena. Hivyo ndivyo walivyooana, alisema, kwa sahani ya matoke yaliyopoa.

Walipohamia Izigo walikuja na mchezo wao. Kila mwaka, wiki ya mechi hiyo, kuanzia Jumatatu walinuniana. Hakuna kusemezana hadi filimbi ya mwisho. Mzee alichora mpaka kwenye uwanja wa nyumba, na ujumbe ulipitia kwa mtu wa tatu. Kiluganda kilikuwa lugha ya mke, Kihaya lugha ya mume, kwa hiyo wiki hiyo walitumia Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mama wa yeyote kati yao. Watoto ndio waliobeba maneno. Mwambie huyo Mganda chumvi imezidi. Mwambie huyo Mkenya kama chumvi imezidi akapikiwe Nairobi. Watoto walipoondoka nyumbani walitumia majirani, na mwaka mmoja walipokosa mtu kabisa walimtumia mbuzi. Alinionyesha mbuzi mwenyewe, amefungwa kwenye mgomba.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniomba nimsaidie kubeba kuni hadi nyuma ya jiko, na kule ndiko aliponiambia mengine kwa sauti ya chini.

Mzee alipata kiharusi siku za Pasaka. Mkono wa kulia ulirudi kidogo, mguu ukarudi kidogo, sauti haikurudi. "Hajasema neno," aliniambia. "Si Kihaya, si jina langu, si hapana." Daktari alisema wengine hurudi kusema na wengine hawarudi, na kwamba aendelee kumsemesha. Alimsemesha miezi yote ile, asubuhi hadi jioni, mambo ya kibanja, ya kanisani, ya watoto. Mzee alimsikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza hotuba.

Ndipo alipokumbuka mechi. Alifikiri kwamba mtu anaweza kukaa kimya akiambiwa habari njema, na akiambiwa habari mbaya pia, lakini mume wake hajawahi kukaa kimya akichokozwa na Uganda. Basi akaingoja wiki hiyo. Jumatatu ilipofika akaacha kumsemesha, kama kila mwaka. Alimlisha, alimwogesha, alimgeuza kitandani, bila neno. Aliyemwambia maneno ni mbuzi.

"Leo ni siku ya tano," alisema. "Mgonjwa wangu mwenyewe, sijamwambia hata pole. Majirani wanasema nimemchoka. Na kama mwanangu siku zake zimehesabika, basi hizi tano nimezitupa."

Alimwita mzee "mwanangu" bila kugundua, nami sikumrekebisha.

Mbuzi hakusaidia. Mzee alimwangalia mbuzi kisha akatazama pembeni. Ilihitajika mtu. Mama aliniuliza kama napita tu. Nikasema napita.

"Unaweza kupita polepole?"

Nikaweka begi langu chini, kando ya mafiga.

Sheria zilikuwa chache. Mbeba maneno anasimama juu ya mstari, mguu mmoja kila upande. Anasema kama alivyoambiwa. Hapunguzi, haongezi. Kazi ilionekana rahisi, nami nikaiharibu mara ya kwanza. Mama alimimina uji kwenye kikombe, akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Mwambie huyo Mkenya wa kuazima uji wake huu hapa, anywe, apate nguvu za kulia kesho." Nikamgeukia yule mzee mgonjwa, ulimi ukaona haya. Nikasema, "Mzee, mama anasema uji uko tayari."

"Sikusema hivyo," mama alisema nyuma yangu. "Usinipakie sukari."

Nikarudia yote, wa kuazima na kulia pia. Niliona vidole vya mzee vikijipanga upya kwenye fimbo. Hakufanya zaidi ya hapo. Nilimshikia kikombe akanywa, na alipomaliza alinitazama muda mrefu, jicho moja wazi kuliko jingine. Nilikuwa nimetazamwa hivyo na mafundi niliowasumbua kwa maswali. Alikuwa anapima mimi ni mtu wa namna gani.

Mchana wote niliukanyaga mpaka. Mama alimenya ndizi huku akituma. Mwambie Kenya wamechoka, walichoka tangu mwaka juzi. Mwambie wachezaji wake wanakimbia kama wamebeba mikungu kichwani. Mwambie nimeota Uganda wameshinda, na ndotoni alikuwa amejificha chini ya meza. Nilisema yote. Mara moja mdomo wa mzee ulisogea, mama akaacha kisu hewani, lakini ilikuwa ni kikohozi. Kila mara alipotuma alingoja kidogo, kisha akachukua ndizi nyingine. Niliona kwamba anazimenya nyingi kuliko watu watatu wanavyoweza kula. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi. Maneno yake yalipungua, na sauti ikawa ya mtu anayesoma orodha.

Kisha akaacha kumenya. Alifuta mikono kwenye kanga, akautazama mstari wa majivu kutoka mlangoni hadi kwenye mche wa kahawa, akasema taratibu:

"Mwambie huyo Mkenya mwaka huu mstari nimeuchora mimi. Na umenyooka kuliko yote aliyowahi kuchora maishani mwake."

Nilielewa hapo hapo kwamba ameupinda kwa makusudi, na kwamba alikuwa ameliweka neno hilo hadi mwisho kwa kuogopa kulitumia. Baada ya hilo hakuwa na jingine.

Nikasimama juu ya mstari nikasema maneno yote, bila kupunguza.

Mzee aliutazama mstari. Alianza mlangoni, akaufuata kwa macho polepole, penye kona akasimama, akaendelea, kwenye kona ya pili akasimama tena. Shingo yake ilikakamaa. Aliinua fimbo akaipiga chini, mara moja, na blanketi likaanguka. Mdomo wake ulijaribu umbo moja, ukaliacha, ukarudi kulijaribu. Nilisogea nimsaidie, mama akaninyooshea kiganja nisimame.

"Mwa," alisema mzee. Ilitoka kama kitu kilichokwama kooni. Akavuta pumzi. "Mwambie."

Ni hilo tu. Fimbo ilikuwa imenyooshwa kwenye kona ya kwanza ya mstari.

Mama hakuinuka. Hakuvuka mpaka. Alikuwa ameshika kisu na ndizi. Alisema, kwa sauti ile ile ya kutuma, "Muulize niambiwe nini."

Nikamuuliza mzee. Alijaribu. Mishipa ya paji ilisimama, mate yakamtoka upande mmoja, neno la pili halikuja. Pikipiki ilipita barabarani, ikapotea. Alijaribu tena, kisha akarudi kuegemea kiti, amechoka, lakini macho hayakuuacha mstari.

"Mwambie nimesikia," mama alisema.

Nikamwambia. Nilipogeuka, mama alikuwa anamenya ndizi ambayo tayari ilikuwa imemenywa.

Kilichofuata kilikuwa kazi, na nilishukuru kwa hilo. Mzee alielekeza fimbo ukutani, kwenye msumari uliotundikwa kamba yake ya kunyooshea mistari, imeviringwa kwenye kijiti. Nilizifunga ncha zake mlangoni na kwenye mche wa kahawa, nikaivuta ikakaza. Akainua fimbo kushoto, nikasogeza. Akainua tena, kidogo mno, upana wa kidole. Nikasogeza upana wa kidole. Tulifuta majivu ya zamani kwa ufagio na kumimina mapya chini ya kamba. Mama alitazama toka upande wake bila kusema neno, kwa kuwa hakuna aliyemtumia ujumbe.

Tulipomaliza ndipo mama aliponiuliza nitalala wapi. Nikasema sijui bado. Alisema kuna chumba cha watoto, ila kiko upande wa Kenya, kwa hiyo nikilala humo niwe Mkenya hadi kesho jioni. Binti yao aliyeko Mwanza ametuma bando la kutazamia mechi, na simu itaegemezwa kwenye kopo juu ya mpaka, kila mtu aione toka kwake.

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini ili mzee asisikie, kama kesho ataiombea Kenya ili mzee afurahi.

"Nitashangilia Uganda kwa moyo wangu wote," alisema. "Nikimdanganya atajua. Na Kenya wakishinda, itabidi anicheke. Hicho ndicho ninachongoja."

Nikachukua begi langu, nikavuka mstari pale mlangoni kwa kuinua mguu juu, nisiuharibu. Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, godoro lisilo na shuka, magunia mawili ya kahawa na dirisha linalotazama uwanja. Nilitandika blanketi langu. Kulikuwa bado na mwanga. Nje, mzee alikuwa kwenye kiti chake na mama kwenye kigoda chake, mstari mweupe katikati yao umenyooka, na wote wawili walikuwa wametazama upande mwingine. Hawakuwa wakisemezana. Walikuwa wamenuniana, kama kila mwaka.