Fundi wa Visima Aliyeogopa Shimo

Saa mbili asubuhi. Jua la Rangwe limeshaanza kuuma, na Ratemo Bichage bado amesimama kando ya shimo alilolianza mwenyewe. Kamba imemzunguka kiunoni. Jasho linamtiririka, na wala hajashika jembe.

"Twende, omera, ndugu yangu," anasema Nashon, mshika kamba wake.

Ratemo hatikisiki. Anatazama mbingu, anatazama mbuzi wa watu, anatazama kila kitu isipokuwa shimo.

Jamani, huyu ni fundi wa visima! Kuanzia Migori hadi Homa Bay watu wanakunywa maji aliyoyachimba yeye. Alishuka kutoka Kisii akiwa kijana, akajifunza kazi hii kwa Wajaluo, akaoa, akaezeka nyumba yake kwa bati. Lakini tangu mvua za 1965, dume zima likiona shimo linarudi nyuma.

Ilikuwa karibu na Migori. Udongo mweusi uliolowa ulimporomokea akiwa kisimani, ukamfunika hadi kifuani. Nashon na majirani walimfukua kwa mikono. Hakuvunjika hata kidole.

"Mwili ulipona siku ile ile," anasimulia Ratemo. "Mimi sikupona."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Ratemo alianza kushtuka ovyo: kwa harufu ya udongo mbichi, kwa mlango uliofungwa, hata kwa shuka likimfunika uso. Kila aliposhushwa kisimani pumzi ilikatika, akapiga ukelele: "Vuta!" Nashon akavuta. Akifika juu, raha mustarehe. Kesho yake hofu ilikuwa imezidi.

Majirani hawakukosa la kusema. Wengine walisema karogwa. Wengine, ni chira, adhabu ya kuvunja mwiko. Mkewe, Bathsheba, kwa kumhurumia, aliwaambia wateja kwamba mume wake ana malaria.

"Malaria ya mwaka mzima!" anasema Bathsheba, akicheka kwa uchungu. "Wateja si wajinga. Walienda kwa wengine."

Hatimaye Ratemo alimwendea Walter, tabibu wa zahanati aliyesomea Nairobi. Walter hakumpa hata kidonge.

"Mwili wako umejifunza somo moja tu, kwamba shimo ni kifo," alimwambia. "Ukivutwa juu ukiwa na hofu, moyo unatulia, nao mwili unasema: kumbe kukimbia ndiko kulikoniponya. Mzee, unailisha hofu kwa mkono wako mwenyewe. Shuka kidogo kidogo, ukae pale pale mpaka itulie."

Maneno mazuri, ila yaligongana na sheria kuu ya kazi hii. Mchimbaji akisema vuta, mshika kamba haulizi. Anavuta. Nashon alikataa katakata.

"Nikikuacha chini, na kumbe udongo unaanguka kweli, nitamwambia nini mama watoto wako?"

Walibishana hadi sauti zikakauka. Mwishowe wakakubaliana: Nashon atauliza swali moja tu, naye Ratemo atazame kuta kabla ya kujibu. Wakaanza na shimo la kufika magotini, kisha la kifuani. Leo ni kisima chenyewe, kile alichokianza akakiacha njiani, na mwenye boma, Phelesia, amesema wazi kwamba Ratemo asiposhuka, kazi anapewa fundi mwingine.

"Namhurumia," anasema Phelesia, "lakini watoto wangu hawanywi huruma."

"Shusha," Ratemo anasema ghafla.

Kamba inaanza kwenda. Kiuno kinazama, mabega, kichwa. Bathsheba ameziba mdomo kwa leso.

"Vuta!"

Nashon anakaza kamba, mishipa imemtoka shingoni.

"Ni udongo au ni moyo?"

"Vuta, nakufa!"

"Tazama kuta, ndugu yangu! Ni udongo au ni moyo?"

Mguu mmoja wa Nashon umeshajikita tayari kuvuta. Bathsheba anamsihi avute, avute tu.

"Ni... ni moyo," Ratemo anajibu.

"Basi kaa. Niko hapa."

Ratemo analia huko chini, kilio cha mtu mzima, na kila mtu anasikia. Hakuna anayecheka. Kilio kinakuwa kikohozi, kikohozi kinakuwa kuhema, na jua linazidi kupanda.

"Nashon," sauti inatoka tena, nzito lakini yake. "Niteremshie jembe."

Ndoo ya kwanza ya udongo inapofika juu, Phelesia anapiga kigelegele mpaka kuku wanatawanyika.

Mchana Ratemo anakula ugali na omena, dagaa wa ziwani, kivulini. Anataka kufikia maji kabla ya mvua za masika. Nashon anamuuliza kama hofu imekwisha.

"Imekwisha wapi!" anajibu, akimega tonge jingine. "Kesho nitaogopa tena. Wacha niogope, lakini niogope nikichimba."