Swali la Arobaini na Moja

Mjini Karditsa, Ugiriki, miaka ile ya drakma, shule ya serikali ilikuwa mahali pa kusinzia. Masomo yenyewe yalianza saa tisa alasiri, kwenye twisheni, na mzazi aliyeshindwa kumpeleka mwanawe twisheni alipita sokoni akitazama chini. Kwa fizikia jina lilikuwa moja: Thrasivulos Bekas, orofa tatu mkabala na soko, kibao chenye taa zilizowaka hata mchana.

Lakini kwa miaka kumi na tisa fizikia iliyofundishwa ndani ya orofa hizo ilikuwa ya mwajiriwa wake, Evanthia Karadima, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti iliyokwaruzwa na chaki na sigara. Kila mwaka alianza somo la mwendo wa duara kwa ndoo. Aliijaza maji, akaizungusha juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja, na watoto wa mstari wa mbele wakafunika madaftari.

"Maji hayamwagiki kwa nini?"

"Yanasukumwa nje, mwalimu."

"Na nani? Mtajeni."

Wakaitazama ndoo.

"Hakuna anayeyasukuma. Maji yanataka kwenda zake moja kwa moja, ndoo ndiyo inayoyakatalia. Zungusha jiwe kwenye kamba, halafu uikate: jiwe halirukii nje, linakwenda mbele, kule kule lilikokuwa limeelekea. Na mwezi nao ni jiwe, ila kamba yake haionekani. Kila siku unaanguka, na kila siku unaikosa dunia. Mtu akiniandikia habari ya kani ya kusukuma nje, nitakwenda kwao saa ya chakula nimsomee mama yake mbele ya wageni."

Mwaka mmoja alikwenda kweli.

Kiangazi, joto la bonde lile lilipowafukuza wote kwenda baharini, Evanthia alibaki mjini akiandika. Wino wa zambarau, herufi ndogo, kurasa juu ya kurasa: maelezo, maswali, majibu, hata mizaha ya kuwaamsha wanaosinzia. Karatasi hizo zilitolewa fotokopi na kugawiwa madarasani, na zikaitwa tu "karatasi za Bekas", kwa kuwa ndilo lililokuwa jina la nyumba.

Septemba moja akakiona kitabu kwenye dirisha la duka. Fizikia, na chini yake Thr. Bekas, na picha yake akiwa na miwani ambayo hakuwahi kuivaa. Evanthia alikifungua akiwa amesimama. Kilikuwa chake, tangu ndoo mpaka setilaiti, pamoja na mzaha wa ng'ombe aliyepanda bembea. Ukurasa wa shukrani ulimtaja mke wa Bekas, mpiga chapa na Mungu.

Alipanda orofa tatu bila kupumzika.

"Bwana Bekas, hiki kitabu."

"Umekiona? Kimependeza, eh?"

"Ni changu."

"Evanthia, dada yangu." Bekas alivuta kiti akae, hakukaa. "Uliandika kwenye meza yangu, kwa karatasi zangu, ukinywa kahawa yangu. Mke wangu akipika jikoni kwangu, chakula ni cha nani?"

"Cha mkeo," Evanthia alisema, akashuka, na hakurudi hata kuchukua ndoo.

Alikodi vyumba viwili juu ya karakana ya baiskeli ya Stergios, akaanza na wanafunzi kumi na mmoja. Jambo alilolitaka duniani lilibaki moja: Bekas aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba kazi ile ni ya Karadima. Kila asubuhi alizunguka mitaa miwili zaidi ili apite chini ya kibao chenye taa, hasira isije ikapoa. Kila Jumapili aliwasha mshumaa kanisani. Majirani walidhani anamwombea marehemu mama yake. Alikuwa anamwombea Bekas maisha marefu, na macho yasipungue nguvu, aje aone.

Novemba Stergios alipanda ngazi, mikono imejaa grisi, na karatasi iliyosahauliwa kwenye kikapu cha baiskeli ya mteja, mwanafunzi wa Bekas.

"Mwalimu, huu si mkono wako?"

Ulikuwa wake. Mchoro wa setilaiti wenye antena tatu, kama alivyozoea kuuchora, na alikuwa ameuchora wiki mbili tu zilizopita. Hakuhitaji kufikiri sana. Mwenye duka la fotokopi, alikozipeleka karatasi zake, ndiye aliyesimamia ndoa ya Bekas.

"Nikamvunje vidole?" Stergios aliuliza.

"Mwache. Njia ya mwizi ukishaijua, usiizibe."

Krismasi ile, wengine wakichoma nguruwe, Evanthia aliandika swali la arobaini na moja. Setilaiti inaizunguka dunia kwa chini sana, mahali ambapo bado pana hewa nyembamba. Hewa inaikwaruza na kuila nishati yake. Je, itakwenda kasi zaidi au taratibu zaidi? Mtu yeyote atasema taratibu, na mtu yeyote atakosea. Evanthia aliandika jibu la mistari kumi na minne, safi, kila kipimo mahali pake, na katika mstari wa tisa akatia dhambi moja ndogo. Jibu lilimalizika kwa setilaiti kujikongoja kama mzee anayetoka sokoni. Likapendeza kiasi kwamba lilimkera mwenyewe.

Akazipeleka karatasi dukani. Wanafunzi wake kumi na mmoja aliwaambia aliandika kwa haraka, akawakatisha ukurasa mzima, akawaandikisha jibu sahihi ubaoni. Februari, toleo la pili la kitabu cha Bekas lilitoka, "limeongezwa maswali mapya". Swali la arobaini na moja lilikuwa ukurasa wa mia na tisa, pamoja na antena tatu. Ilisemekana mwalimu mmoja kijana kule kwa Bekas alikuja na mashaka juu ya ukurasa huo, na Bekas akamjibu kwamba kitabu kimeshachapwa.

Alhamisi Kuu, siku ya kupaka mayai rangi nyekundu, Evanthia alimpelekea mpwa wake Mirsini mshumaa wa Pasaka, kwa kuwa ndiye mama yake wa ubatizo. Areti, mdogo wake Evanthia na mama wa binti, alikuwa jikoni, vidole vyekundu mpaka vifundoni. Pamoja na yote, bado alimsomesha binti kwa Bekas.

"Usinitazame hivyo, dada," Areti alisema. "Wewe una vyumba viwili juu ya baiskeli. Mwanangu anataka kuingia chuo cha uhandisi."

"Sijasema neno."

"Ndiyo maana naogopa."

Mirsini alileta kitabu chake. "Mama mkubwa, nisikilize. Hili ndilo gumu kuliko yote na nimelishika." Akafumba macho, akalisoma jibu la swali la arobaini na moja kwa moyo, mstari baada ya mstari, bila kujikwaa. Alipofika mstari wa tisa alitabasamu kidogo, kama mtu anayepita mahali anapopajua.

"Vipi?"

"Umelishika," Evanthia alisema.

Usiku aliwaza. Mpango wake ulikuwa kungoja mtihani wa Juni: watoto wa Bekas wote waandike setilaiti inayojikongoja, matokeo yabandikwe, wazazi wapande zile orofa tatu. Mirsini angeonywa siku za mwisho. Sasa aliona shimo. Na mtihani usipouliza? Bekas angevuka bila hata kujua kwamba alitegewa. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, si jingine.

Wiki moja kabla ya mtihani televisheni ya mji ilikuwa na kipindi cha marudio, saa moja jioni, watazamaji wakipiga simu na mwalimu akijibu ubaoni. Zamu ya fizikia ilikuwa ya Bekas, kama kila mwaka. Evanthia aliteremka karakanani, ambako Stergios alikuwa na televisheni juu ya rundo la matairi, akapiga simu ya mezani.

"Karibu hewani, nani mwenzetu?" mtangazaji aliuliza.

"Evanthia Karadima. Nina swali kwa Bwana Bekas. Ukurasa wa mia na tisa, swali la arobaini na moja."

Kwenye kioo Bekas alinyoosha tai. "Aa, Bi Evanthia. Swali zuri hilo. Nalipenda sana."

"Najua. Setilaiti yako mwishowe inakwenda kasi au taratibu?"

"Taratibu, bila shaka. Hewa inaizuia. Hata anayeendesha baiskeli kinyume cha upepo anajua."

"Na inapanda au inashuka?"

"Inashuka."

"Basi tusaidie. Chukua fomula ya mwendo wa setilaiti, iko ukurasa wa tisini na nane. Weka nusu kipenyo kidogo kuliko cha mwanzo. Ubao uko nyuma yako."

Bekas aliandika. Aligawanya, akatafuta kipeuo cha pili, akazungushia jibu duara kwa mazoea, ndipo akalitazama. Setilaiti ilikuwa imeongeza mwendo.

"Hapa," alisema, akakohoa. "Hapa mpiga chapa ametuangusha."

"Inawezekana. Katika mstari gani?"

"Itabidi niangalie hati ya awali."

"Ya nini? Kitabu ni chako. Mistari ni kumi na minne. Tuonyeshe kosa lilipo, watoto wako nyumbani na penseli mkononi."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bekas alifungua ukurasa wa mia na tisa, akaukaribia, akaurudisha mbali. Aligusa mstari wa nne, akauacha. Aligusa wa kumi na mbili. Jasho lilimtoka pembeni mwa pua, na mpiga picha, ambaye labda aliwahi kulipa twisheni, akalisogelea.

"Mwalimu," Stergios alinong'ona, "anakaangika kama dagaa."

"Nyamaza, nimsikie anavyopumua."

"Bwana Bekas, twende matangazo?" mtangazaji aliuliza.

"Nendeni tu," Evanthia alisema. "Nitasubiri. Nimezoea."

Hawakwenda. Mwishowe Bekas aliishusha chaki.

"Bi Evanthia. Ni mstari gani?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Kwa sababu..."

"Sikusikii."

"Kwa sababu uliandika wewe."

"Hili tu?"

Bekas alitazama sakafu ya studio. "Yote," alisema. "Yote ni yako."

"Mstari wa tisa," Evanthia alisema, akakata simu. Stergios alipiga makofi na mikono yake yenye grisi. Evanthia alikaa juu ya tairi, akaomba sigara, na ilikuwa tamu kuliko zote alizowahi kuvuta.

Hakuwa ameimaliza sigara simu ilipolia.

"Mama mkubwa." Alikuwa Mirsini. "Umesema mstari wa tisa ukakata. Una nini mstari wa tisa?"

"Nitakueleza kesho."

"Uliuandika wewe vile? Makusudi?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Krismasi."

"Na Pasaka nikakusomea."

Evanthia aliizima sigara.

"Unajua kwa Bekas tuko wangapi?"

"Mia mbili na kumi," Evanthia alisema, na hapo hapo akatamani asingelijua.

"Kumbe ulituhesabu," Mirsini alisema. Sauti yake haikupanda. "Na wasiotazama televisheni leo ni wangapi, umewahesabu pia?"

Asubuhi saa tatu Evanthia alizipanda zile orofa tatu. Mlango ulifunguliwa na Bekas mwenyewe, suti ile ile ya jana, macho mekundu.

"Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kufundisha. Waite wote kwenye ukumbi mkubwa, na ambao hawapo wapigiwe simu. Wewe kaa."

"Nikae wapi?"

"Penye nafasi."

Nafasi ilikuwa kwenye dawati la nyuma kabisa. Bekas alikaa, magoti yakigusa ubao wa dawati, na Evanthia aliendelea kumtazama mpaka alipotoa kalamu. Kufikia saa nne ukumbi ulijaa, wengine wamesimama ukutani. Mtihani wa mwaka ule haukuja kuuliza neno juu ya setilaiti, lakini asubuhi hiyo hakuna aliyelijua hilo.

"Mstari wa tisa," alisema, akaupiga kwa chaki. "Hapa nishati iliyoliwa na hewa imetolewa yote kwenye mwendo, kana kwamba setilaiti imebaki juu pale pale. Haibaki. Inashuka, na ikishuka, nishati ya kimo inapungua kwa sehemu mbili. Moja inaliwa na hewa. Ya pili inaingia kwenye mwendo."

"Kwa hiyo ikizuiwa, inaongeza kasi?" aliuliza binti wa mstari wa mbele.

"Ikizuiwa, inaanguka. Kuanguka ndiko kunakoiongezea kasi. Kateni ukurasa mzima. Andikeni upya pembeni."

Walikata. Mistari ya kalamu ilikwaruza ukumbi wote kwa pamoja, na Evanthia aliuona mkono wa Bekas nao ukikata, na moyo wake, hata sasa, ukaruka kwa furaha. Hakujisumbua kuuzuia.

Mirsini alikuwa mstari wa tatu. Hakuwa amemtazama Evanthia tangu aingie. Aliinua mkono.

"Mwalimu," alisema. Hakusema mama mkubwa. "Wengine tutawaazima wenzetu kitabu, wataona pamekatwa. Tuandike hapa kwamba kosa ni la nani?"

Bekas aliinua kichwa kule nyuma. Nakala mia mbili na kumi zilikuwa wazi juu ya madawati, jina lake kwenye kila jalada, na jina la Evanthia halimo popote ndani yake. Mtu yeyote ukumbini angekubali jibu lolote ambalo Evanthia angelitoa.

Evanthia alijifuta chaki kwenye sketi.

"Andikeni Karadima," alisema.

Kalamu zikainama.