Kijiko cha Kuzika

Kaka yangu aliuawa vitani Burma, na alipokufa tu akawa mtakatifu. Kanisani kwetu Iringa mchungaji alimtaja kama shujaa aliyejitoa mhanga. Baba mkubwa, aliyekuwa akimwita kaka mwizi wa kuku mbele ya wageni enzi za uhai wake, sasa alifuta machozi kwa leso kubwa. Nilikereka. Mimi nilimpenda kaka akiwa mwizi.

Miaka ya hamsini ilipoingia, kaka alikuwa bado hajazikwa. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili usirudi, huzikwa kitu alichokuwa akikitumia, ndipo msiba uishe. Baba mkubwa alitaka tuzike Biblia. Mama akamuuliza ni lini yule mtoto alishika Biblia. Na kweli, kaka hakuacha kitu nyumbani. Asichokivaa alikuwa ameshakiuza.

Lakini Mama alikuwa na lake. Siku kaka alipopanda lori la askari, Mama alimfumania akidokoa nyama chunguni, akamfukuza kwa mwiko. Akaondoka bila kula. Tangu hapo Mama hakugusa nyama, na kila tulipogusia maziko alisema hawezi kumzika mtoto mwenye njaa.

Kwa hiyo niliposikia kwamba yuko mtu Mbeya aliyekuwa naye kikosi kimoja, nilipanda basi. Nilipofika Makambako vumbi lilikuwa limenipa mvi za bure. Nilimkuta yule bwana milimani, juu ya mji wa Mbeya, akipalilia viazi huku akiburuta mguu mmoja. Aliniangalia usoni, akacheka kabla sijamwambia mimi ni nani.

Nilimwomba anieleze ushujaa wa kaka yangu. Akauliza, upi? Akasema kaka alikuwa mvivu wa gwaride na fundi wa kujifanya mgonjwa, ila hakuna aliyewachekesha kama yeye. Siku ya mwisho aliiba kopo la nyama la ofisa wao. Wakajificha handakini, wakala kwa kijiko kimoja, wakipokezana. Bomu lilipoanguka, kijiko kilikuwa mkononi mwa kaka.

Aliingia nyumbani mwake, akatoka na kijiko chenyewe, cha bati. Alikuwa akikilia uji na maharage miaka yote hiyo. Alikishika kwa muda. Niliona aibu kukipokea, lakini nilikipokea.

Nyumbani baba mkubwa alinivuta pembeni, akaniagiza niseme kaka alikufa akiwa ameshika bendera. Nilimwambia kaka hakuwa mtu wa kushika kitu kisicholiwa. Nikaenda jikoni, nikamweleza Mama yote, pamoja na wizi.

Mama akauliza, "Kopo lilikuwa limebaki na nyama?"

"Hapana, Mama. Alikuwa anakwangua chini."

Alijifunika mdomo kwa khanga. Nilidhani analia, kumbe anacheka, mabega yanamtikisika. Halafu akalia kweli, nami nikalia naye, moshi ukapata lawama. Alipotulia alikichukua kijiko, akakifuta kwa pindo la khanga, mbele na nyuma, kama anayemwandalia mgeni.

"Ameshiba," akasema. "Mwambie baba yako mkubwa alete jembe."