Sikuchoka

Kilichoninyima usingizi Iringa hakikuwa baridi. Nilipopanda kitandani niligundua kuwa siku nzima, tangu asubuhi, sikuwa nimemkumbuka mwanangu hata mara moja.

Ana miaka miwili. Nilikuwa nimemwacha nyumbani kwetu Mbeya na baba yake pamoja na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Tukuyu makusudi kumlea wiki hiyo. Ofisi yetu inanunua maparachichi kwa wakulima, na mimi nilitumwa kuwafundisha watu wa tawi la Iringa namna ya kutambua matunda yaliyokomaa. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kikazi tangu nijifungue, na nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuumia. Badala yake nilioga maji ya moto bila mtu kugonga mlango. Nilikula chakula kabla hakijapoa. Mchana tuliwatembelea wakulima upande wa Tosamaganga, nikapanda kilima katikati ya miparachichi bila begi la nepi wala mtoto mgongoni, na nikajikuta naimba.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Chuoni wenzangu walikuwa wakinitania kwamba nikiulizwa saa ngapi nitajibu baada ya kufanya utafiti. Basi nikaanza. Mama gani humsahau mtoto? Huenda nina tatizo. Nikaingia mtandaoni kutafuta, nikaambiwa huenda ni sonona, huenda ni tezi ya shingo, huenda ni upungufu wa damu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba huenda nilikuwa na siku nzuri tu.

Shida ni kwamba bosi wangu alitaka mtu wa kwenda Iringa kila mwezi, na jibu alilitaka Jumatatu. Kazi hiyo niliitaka kuliko kitu chochote tangu nimalize chuo, na ndiyo maana niliiogopa. Kama ningekuwa nateseka ningeikubali bila wasiwasi. Ningesema najitolea kwa ajili ya familia. Lakini kwenda mahali kila mwezi kwa sababu unapapenda?

Kesho yake jioni mama mkwe alipiga simu. Nilikuwa mgahawani na mwenyeji wangu, mwanamke wa Kihehe mwenye watoto wanne, anayesimamia ghala la hapo.

"Chakula vipi huko?" mama akauliza.

"Hivyohivyo tu, mama. Na baridi ndiyo inaniua."

"Pole mwanangu. Vumilia."

Nilipokata simu mwenyeji wangu alikuwa ananitazama, paja la kuku mkononi.

"Dada, huyu kuku amekusikia," akasema. "Umemtukana na mifupa yake hiyo hapo mbele yako."

Nilicheka, kisha nikaona aibu. "Ningemwambia nini?"

"Ulivyomwambia ndivyo tunavyosema sote. Mimi nikitoka Mbeya kikazi, basi likifika Mafinga natoa kanga, naifunga kichwani hivi, kwa kubana, kama naumwa kichwa. Nikishuka stendi natembea polepole. Watoto wanapokea mzigo, mzee ananichemshia maji. Nikirudi bila kanga naambiwa nilikuwa nastarehe."

"Na unakuwa unastarehe?"

"Sana," akasema, akaendelea kula.

Tulicheka wote wawili, lakini kanga ile ilinibana kichwa kabla hata sijaifunga. Nilijiona nikifikia umri wake, hodari wa kujifanya mgonjwa. Halafu nikamfikiria mume wangu. Ni mwalimu, na mwaka jana alikwenda Dar kusahihisha mitihani ya taifa, akakaa huko wiki kadhaa. Alirudi mashavu yamejaa, anasimulia samaki wa kukaanga na mabishano ya mpira ya kila jioni. Tulimchinjia jogoo. Hakuna aliyemuuliza kama alimkumbuka mtoto. Hata mimi sikumuuliza.

Siku ya kurudi, basi liliposimama Chimala nilinunua mchele wa kumpelekea mama, kama wanavyofanya abiria wengi. Tulipokaribia Uyole, mwanzo wa jiji, mikono yangu ilitoa kanga kwenye mkoba bila kuniuliza. Nikaifunga, nikajitazama kwenye simu. Nilifanana na mtu anayetoka msibani. Nikaivua.

Nyumbani nilimkuta mwanangu sakafuni anakula ndizi. Aliniangalia, akanipa kipande alichokwisha kukitafuna nusu, akaendelea na chake. Hakulia, na wala hakuwa amenisahau.

"Pole na safari, mama," mama mkwe akasema huku akipokea mchele. "Umechoka."

Hapo ndipo mtu husema ahsante, nimeshapoa, kisha hushika kiuno.

"Sikuchoka, mama. Nimekula vizuri, nimelala vizuri. Nimefurahi."

Mume wangu, aliyekuwa ameinama kuchukua begi, aliinuka bila begi.

"Umefurahi," mama akarudia.

"Ndiyo. Na kuku wa kule ni mtamu."

"Mwe, wasomi," akasema. "Na mtoto ulimkumbuka?"

"Kuna siku nilimkumbuka, kuna siku sikumkumbuka. Nilijua yuko na wewe."

Alichota mchele kidogo, akauchezea kiganjani. "Sisi safari yetu ilikuwa msiba," akasema. "Ukitaka kutoka nyumbani, mpaka afe mtu. Na ukirudi, nani akuulize kama ulifurahi?"

Hakusema kama jambo hilo lilikuwa jema au baya, nami sikumsaidia kuamua.

"Lakini maneno kama hayo usiyaseme mbele za watu," mume wangu akasema. "Watakuonaje?"

"Kama walivyokuona wewe na mashavu yako ulipotoka kusahihisha."

Akajishika shavu. Mama alicheka kabla hajajizuia.

Jumatatu nilimwambia bosi kuwa nitakwenda. Njiani nilikuwa nimepanga sababu zangu vizuri: uzoefu, maendeleo ya familia, elimu ya mtoto hapo baadaye. Aliponiuliza kwa nini nakubali wakati nina mtoto mdogo, niliziacha zote. Nilimwambia naipenda kazi ya kule, na ninapapenda kule. Aliniangalia kama anangoja niendelee. Sikuendelea.

Mwezi uliofuata mama alikuja tena kutoka Tukuyu, akinung'unika kidogo kuhusu migomba yake, na mimi nikapanda basi. Jioni nilikuwa mgahawani na mwenyeji wangu yuleyule simu ilipoita.

"Chakula vipi huko?"

Mwenyeji wangu aliacha kutafuna.

"Kitamu, mama. Nakula kuku."

Nilimsikia mwanangu akigonga sufuria nyuma yake.

"Wa kienyeji?"

"Wa kienyeji."

"Haya," akasema. "Kula."