Tulivyosubiri Jipu Liive

Mpaka leo nakasirika nikisikia mtu anasema jipu lisiguswe mpaka liive. Kwa wengine ni sawa. Mama yangu maneno hayo nusura yampeleke kaburini.

Ilikuwa miezi michache kabla ya Uhuru. Tulikaa Mirongo, karibu na ziwa, Mama, mimi na shangazi, dada yake marehemu baba. Mama alikuwa na saratani ya damu. Hospitalini walimwanzishia vidonge vya kutoka Ulaya, na kila baada ya wiki mbili nilimsindikiza kupimwa damu. Daktari, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuungaunga, alisema nami, nami nikamfasiria Mama kwa Kisukuma. Alisema vidonge vile vinaua chembe mbaya za damu lakini havijui kuchagua, vinaua na zile nzuri zinazopigana na vijidudu. Akipata homa au kidonda, hata kidogo, aletwe siku hiyo hiyo. Mama akaniuliza kama daktari amemkataza kupika. Nikasema hapana. Basi, akasema, twende nyumbani.

Siku moja akiparua ngege, mwiba wa mgongoni ukamchoma chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Nani kwenye ziwa hili hajachomwa na mwiba wa samaki? Alifyonza damu akaendelea na kazi. Kesho yake kiganja kikawa kinamuuma. Shangazi akasema ni jipu linataka kutoka, tulikande kwa maji ya chumvi na kulifunga kitunguu cha kuchoma mpaka liive. Kitunguu nilikichoma mimi, niliyemsikia daktari kwa masikio yangu. Sikutaka kuonekana namfundisha mtu mzima. Sina sababu nyingine, na aibu yake ninayo.

Siku iliyofuata maumivu yalizidi mpaka Mama, aliyezaa watoto sita bila kupiga kelele, akawa anauma pindo la khanga. Lakini ukiutazama mkono, uvimbe ulikuwa mdogo, ngozi inang'aa kidogo, hakuna usaha wala dalili ya usaha. Mwili unachemka kwa homa. Shangazi akasema bado changa, tusubiri. Nikamwambia mimi sisubiri tena, nikamshika Mama kiunoni tukaondoka.

Mlangoni mwa hospitali kulikuwa na dresa, mfunga vidonda, mtu wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia, akabonyeza kiganja na kusema turudi likiiva. Nilimketisha Mama kwenye kizingiti cha chumba cha daktari, nikakaa kando yake. Dresa akasema sina adabu.

"Adabu nitaileta kesho," nikamwambia. "Leo nimemleta mama."

Daktari alipotoka, ilibidi aturuke ili apite. Hakupita. Aliutazama mkono mara moja tu, akatuingiza ndani, akapasua kiganja. Usaha haukutoka. Yalitoka maji membamba kama ya kuoshea mchele, na nyama ya chini ilikuwa ya kijivu. Akanieleza kwamba usaha wenyewe hutokana na zile chembe nzuri zilizokufa zikipigana, na Mama alikuwa hana. Jipu lake lisingeiva hata tungengoja mwaka. Alisimamisha vidonge, akampiga sindano za penisilini. Kesho yake asubuhi ile kijivu ilikuwa imevuka kifundo cha mkono. Akasema mkono ukatwe juu ya kiwiko, la sivyo Mama atakufa.

Baba mkubwa alivuka kutoka Busisi kuja kukataa. Mke wa marehemu ndugu yake hawezi kuzikwa vipande vipande, alisema, tena kwa kisu cha Mzungu anayefunga mizigo. Uhuru uko karibu, tungoje madaktari wetu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu pale Mama aliponizuia kwa macho.

"Shemeji, mkono ni wangu," alisema. "Sikukuomba ruhusa kuupikia nyumba ya ndugu yako, na kuukata sikuombi."

Akaitisha karatasi na wino. Alitia dole la kushoto kwa nguvu hata karatasi ikakunjamana.

Aliishi miaka miwili zaidi. Alijifunza kupika kwa mkono wa kushoto, na aliyejaribu kumsaidia alipigwa mwiko. Niliolewa, nikajifungua, akaja kuniuguza. Mwishowe damu ile ile ikamshinda. Matangani baba mkubwa akawaambia wageni kwamba nilimwacha mamangu akatwe mkono bure, kwa kuwa alikufa vilevile.

Nilikuwa nimempakata mwanangu. Nikainuka, nikamweka mapajani pa baba mkubwa, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba mtoto huyu ameogeshwa na mkono mmoja tangu siku aliyozaliwa, na haukumponyosha hata mara moja.