Dua ya Kazi Yangu

Ajira za serikali zilikwenda kwa watu wa chama tawala. Mimi nikapata ya mtandaoni, kuandika kwa Kiswahili maelezo ya michezo ya kamari. Kulikuwa na karata, gurudumu, matunda yanayozunguka, hata mchezo wa kuvua samaki kwa pesa. Nyumbani, mtaa wa Jadida, Pemba, nilisema natafsiri tu. Mama, sijui nani alimtuma, akaalika shehe na majirani waniombee dua.

Shehe akaniuliza mbele ya watu, "Kazi gani, mwanangu? Tuitaje vipi kwenye dua?"

Chumbani, kompyuta niliyoiacha wazi ikapiga kengele ya ushindi.

"Michezo," nikasema.

Akamwomba Mungu aifikishe heri ya michezo hiyo kila nyumba ya Pemba. Amina ya mama, nyuma ya pazia, iliwashinda wanaume wote.