Nyama ya Kibrazili na Mama Yake Abdi

Krii, krii, krii: kisu kikinolewa kando ya mshikaki mrefu kama fimbo ya mchungaji. Mpaka leo nikiusikia mlio huo buchani uso unaniwaka, na nawasimulia mwenyewe kwa sababu nusu ya Garissa ilikuwepo, na nusu nyingine imeshaelezwa vibaya.

Mama yake Abdi, mchumba wangu, alitoka Elwak kuja kunitazama (yeye alisema anakuja kununua vitambaa), na badala ya kumpikia nyumbani kwangu mtaa wa Iftin kama msichana mwenye akili, nikampeleka kwenye ile hoteli mpya ya nyama ya Kibrazili, yenye ngoma na wachezaji wa manyoya kichwani, nikijiona tayari mke wa mjini. Niliuliza kwanza kama nyama ni halali. Hilo peke yake nililifanya sawa.

Mezani kuna kibao cha duara: kikionyesha kijani, wahudumu wanakuja mfululizo na mishikaki kukukatia nyama, ukikigeuza kikawa chekundu, wanaacha. Rahisi, sivyo? Lakini niambieni, mwenyeji gani kwetu atamgeuzia mama mkwe kibao chekundu, kana kwamba anamwambia umekula vya kutosha? Kikabaki kijani. Naye mama kila kipande kikitua kwenye sahani, "Mashallah," anakula, nami nakula ili asione haya kula peke yake, huku nikijiuliza mama mwembamba hivi anaiweka wapi.

Soseji, kuku, mbavu, mbuzi. Ilipofika nundu ya ng'ombe pumzi zilikuwa za kuhesabu, nikaanza kuteremsha vipande kimyakimya mapajani, ndani ya mtandio wangu mpya (wa hariri, nao!).

Ngoma zikapamba moto. Mchezaji mmoja akanishika mikono yote miwili. "Dada, inuka tucheze!"

"Walaal, ndugu yangu, niache, nakuomba!"

Akavuta, nikasimama, nyama ikamwagika yote, soseji moja ikabingirika mpaka miguuni pa mpiga ngoma, akaikanyaga, akaenda chini yeye na ngoma yake, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama mimi, bibi harusi mtarajiwa, mwizi wa mbavu.

Mama akaitazama ile nyama sakafuni, kisha mimi.

"Umeshiba tangu lini?"

"Tangu mbuzi, hooyo." (Hooyo ni mama, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto kweli.)

"Mimi tangu kuku! Mbona hukuwazuia watu hawa?"

"Wewe ni mgeni wangu. Ningekuambiaje, 'basi, inatosha'?"

"Na mimi nikatae chakula chako siku ya kwanza? Wallahi, msichana, ungenizika hapa kwa heshima!"

Nilidhani analia. Kumbe anacheka, ameshika tumbo kwa maumivu. Alipotulia akaninyooshea kidole: "Kesho asubuhi nakuja kwako. Chai tu. Ukinijazia kikombe bila kuniuliza, narudi Elwak na mwanangu."

Tangu siku hiyo nimeapa simlishi mtu kwa kukisia. Na asubuhi ile, kabla hajabisha hodi, nilisimama jikoni peke yangu, birika mkononi, nikakiinamia kikombe kitupu na kukiuliza kwa adabu zote: "Hooyo, nikuongeze?" Kisha nikangoja jibu.